Nyumba ya Kumi na Moja

Kwetu, mtu akishakufa hatukumbuki alizaliwa lini. Tunakumbuka siku aliyokufa. Kila mwaka siku hiyo ikifika, nyumba yake inapika, inawasha udi, na mmoja wa watu wake anamwita kwa jina aje ale. Asiyejulikana siku yake hana wa kumwita. Huyo, walivyotufundisha wazee wetu, huzunguka na njaa nyuma ya nyumba za watu wengine.

Mume wangu Khoan alikuwa hana siku. Kwa muda mrefu mimi ndiye niliyemzuilia, na nitaeleza kwa nini.

Khoan alikuwa kiongozi wa chama cha kuzikana cha kijiji chetu, kando ya mto Lam. Walikuwa wanaume saba kutoka nyumba saba. Mtu akifa, wao ndio waliochonga jeneza, wakachimba kaburi, wakabeba. Wafaransa waliotutawala walikuwa wamekataza watu kukusanyika, lakini hakuna serikali iliyoweza kukataza watu kuzika. Kwa hiyo Chama cha Kikomunisti kilipofika pande zetu, mwaka wa 1930, kilijificha humo humo. Wale saba wakawa shina la Chama, kikundi chake cha siri kijijini. Wakienda makaburini na vitambaa vyeupe kichwani, walizungumza habari za kodi ya kichwa, mashamba ya kijiji yaliyomezwa na wakubwa, na siku ambayo nchi ingekuwa yetu tena. Mzee Ky, aliyebeba upande wa nyuma kwa sababu ya mguu wake mfupi, alizoea kusema, "Mwaka huu watu wetu wanakufa kwa utaratibu. Kila mkutano na maiti wake."

Kulikuwa na miezi michache mizuri. Mkuu wa kijiji alikimbia, wakulima wakaendesha mambo yao wenyewe kutoka kwenye nyumba ya kijiji. Mashamba yaligawanywa. Vitabu vya kodi vilichomwa uani, na mimi niliona mwanamke mjane akiuota moto ule kwa mikono miwili kama aliyeshikwa na baridi. Chama kilifungua darasa la kusoma, na wanawake tukaitwa. Karatasi haikutosha, kwa hiyo tulitandaza pumba za mpunga kwenye ungo tukaandika kwa kidole. Khoan ndiye aliyenifundisha. Niliandika jina langu, Luyen, naye akalitazama sana.

"Herufi yako ya kwanza imelewa," akasema.

"Mwalimu ndiye kailewesha."

Akacheka, akatikisa ungo, akasema nianze upya. Mambo yote haya ninayoyaandika yametoka kwenye ungo ule.

Kisha ndege ikaja, ikadondosha mabomu juu ya watu waliokuwa wakiandamana kwenda wilayani. Baada ya ndege walikuja askari. Nyumba zilichomwa, watu wakafungwa kamba wawili wawili. Shina likakutana kwenye mazishi ya mtu mmoja aliyekuwa amekufa kweli, likaamua Khoan aondoke kwa kuwa jina lake lilikuwa limeshafika wilayani. Angekwenda kufanya kazi ya Chama mahali pengine, kwa jina lingine. Sheria ya Chama ilikuwa moja, na hata mimi niliifahamu: ukikamatwa, usitaje mtu yeyote, usitaje kijiji chako, usitaje hata jina lako mwenyewe. Ukitaja kijiji umewataja wote.

Aliondoka asubuhi ya tarehe sita ya mwezi wa kwanza, kwa mwezi mwandamo, sikukuu ya mwaka mpya ikiwa haijaisha vizuri. Alichukua mti wa kubebea jeneza begani, kama anayeitwa msibani kijiji cha jirani. Mama mkwe wangu alimfungia keki ya mchele iliyobaki. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita.

"Nitarudi kabla hajatoka," akaniambia, akigusa tumbo kwa mgongo wa kidole.

Binti yetu Thoa alizaliwa mwezi wa nne. Baba yake hakurudi.

Mwaka ule tulisikia kwamba watu wa Chama walikamatwa Vinh, mjini, na kwamba wengi walipelekwa kwenye kisiwa cha wafungwa cha Con Lon, mbali kusini. Tulisikia hivyo tu. Hakuna barua iliyokuja, wala isingeweza kuja, maana kama alikamatwa, aliandikwa kwa jina tusilolijua. Lakini hakuna askari aliyekuja kugonga mlango hata mmoja kati ya ile milango sita mingine. Kwa hiyo tulijua kwamba popote alipo, hajasema.

Zile nyumba sita nyingine zilijua pia. Kila msimu wa kupandikiza mpunga, nilipofika shambani kwangu asubuhi nilikuta watu wameshainama humo. Hawakusema wamekuja kwa nini, wala hawakusubiri chakula. Mke wa mzee Ky akiniona tu alisema, "Tulikosea mpaka, tukaona aibu kuacha katikati." Walikosea mpaka huo miaka minne mfululizo.

Mwaka wa tano mama mkwe akaugua kifua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye meno yaliyotiwa rangi nyeusi kama wanawake wa zamani, ulimi mkali na mkono mwororo. Siku moja, nikimpa uji, alinishika kiganja.

"Mama Thoa, tuchague siku."

"Siku ya nini, mama?"

"Usijifanye. Ya Khoan. Asiyejulikana siku yake hupewa siku aliyotoka nyumbani. Tarehe sita, mwezi wa kwanza. Nataka nimpikie kwa mkono wangu angalau mara moja. Nikifa mimi kabla yake, atajuaje njia ya jikoni?"

"Hajafa."

"Umeambiwa na nani?"

"Na wewe umeambiwa na nani kwamba amekufa?"

Akaniachia mkono. "Ukaidi huu angeuoa nani mwingine," akasema, akageukia ukutani.

Sikumpa siku aliyoitaka. Niliona kwamba nikiwasha udi mimi mwenyewe, basi mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua. Mama mkwe hakuniomba tena. Hilo nalihesabu kati ya wema alionitendea, kwa sababu nyumba ilikuwa yake na mwana alikuwa wake, naye angeweza kufanya bila kuniuliza.

Mwaka wa 1936, Wafaransa walibadilisha serikali kwao, na wafungwa wengi wa siasa wakafunguliwa. Tulingoja. Mwezi wa tano ulipita, wa saba ukapita. Mwezi wa tisa, mchana, mvua nyembamba ikinyesha, mzee Ky akaja mpaka uani akiongozana na mtu nisiyemjua.

"Huyu ndugu ametoka kisiwani," akasema. "Ana maneno. Mimi sikai, hayo ni ya nyumba hii." Ndivyo walivyofundishwa katika Chama, kutosikia yasiyokuhusu. Akachechemea akaenda zake, ingawa niliona jinsi alivyotamani kubaki.

Mgeni aliitwa Luong. Alikuwa mtu wa Quang Nam, upande wa kusini, lafudhi yake ilikuwa ya kwao, na umri wake labda miaka thelathini, lakini alikaa kwenye mkeka kama mtu wa sitini, mguu mmoja, kisha mwingine, kisha pumzi. Nilipomletea maji ya kunawa niliiona miguu yake. Alama za pingu zilikuwa zimezunguka vifundo kama pete nyeusi, na nyayo zilikuwa zimepasuka, nyama ikionekana. Alikohoa kwenye kitambaa, akakikunja haraka.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujalia, kwa sababu huenda ikawa hakuna sababu ya kulia."

"Sema, mwanangu."

"Kisiwani nililala karibu na mtu tuliyemwita Ndugu Tisa. Hilo lilikuwa jina lake la Chama. Kwa askari alikuwa na jina jingine, nalo la uongo vile vile. Lafudhi yake ilikuwa ya huku kwenu. Alisema ana mama, ana mke, na alipoondoka mke alikuwa mjamzito. Alisema pia kwamba hakuna duniani fenesi changa la chumvi kama la mama yake."

"Kila mwana wa huku husema hivyo," akasema mama mkwe.

"Ndiyo, mama. Ndiyo shida yangu." Akatabasamu kidogo. "Alikufa miaka miwili iliyopita, tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu. Ilikuwa kuhara damu. Sisi wa Chama mle ndani tulikuwa na utaratibu, aliye mgonjwa anapewa kijiko kimoja kutoka bakuli la kila mtu. Siku ile alipata bakuli zima la wali, na kipande cha samaki kilichopatikana sijui wapi. Akala. Akaniambia, mwambie mama yangu siku hiyo nilikula vizuri. Nikamuuliza, mama yako yuko kijiji gani? Alinyamaza. Nikamwambia, ndugu, unakufa, sasa waweza kusema. Akasema, wewe hujafa, wanaweza kukutesa wewe. Akafa hivyo."

Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jiko na Thoa ameshika nguo yangu. Kila neno la mtu yule lilimfaa Khoan, hata huko kunyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulikomfaa kuliko yote.

"Kwa hiyo nazunguka," akasema Luong. "Tangu mwezi wa sita. Watu wa Chama wananielekeza kwenye nyumba ambazo mtu aliondoka hakurudi. Hii ni nyumba ya kumi na moja."

"Na hizo kumi?"

"Moja mtu wao alikuwa na makovu ya ndui, Tisa hakuwa nayo. Mbili walikuwa warefu mno. Nyingine zote zimeangukia kwenye swali moja, ambalo siku hizi naliacha mwisho." Akafuta mdomo. "Wafungwa tulikuwa tukipelekwa baharini kutoa mawe. Tisa hakuthubutu kupita maji ya kiunoni. Walimpiga, hakwenda. Alisema tangu utotoni hajawahi kuogelea, anaogopa maji. Nanyi watu wa mtoni nyote mnaogelea. Mama, mwanao alikuwa akijua kuogelea?"

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Khoan alivuka mto Lam kwa kuogelea na karatasi za Chama zimefungwa kichwani ndani ya jani la ndizi. Nusu ya vijana wa kijiji alikuwa amewafundisha yeye. Huyu marehemu hakuwa yeye. Nilifungua mdomo niseme.

"Kuogelea?" akasema mama mkwe. "Huyo mwanangu? Hata mtaro wa shamba alikuwa akizunguka. Tangu mdogo. Wenzake walimwita paka."

Nikamtazama. Nilidhani homa imempanda kichwani. Lakini macho yake yalikuwa makavu na yametulia, nayo hayakuwa yakinitazama mimi. Yalikuwa kwenye miguu ya Luong.

Luong akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akabaki hivyo, mabega yakitikisika. "Basi nimefika," akasema. "Mama, nimefika."

Hapo ningeweza kusema. Neno moja tu lilitosha: anaogelea. Mgeni angenyanyuka, angeomba radhi, angekunja kitambaa chake, angetafuta nyumba ya kumi na mbili kwa miguu ile. Nikinyamaza, Khoan angekuwa amekufa kwa kijiji kizima, nami mjane. Thoa alinivuta nguo, akaninong'oneza, "Mama, kwa nini anko analia?" Nikamwambia amletee anko mto wa kulalia. Hilo ndilo lililotoka kinywani mwangu.

Mama mkwe alilia basi, kwa sauti, kama inavyopasa. Hakuwa akiigiza. Nadhani alikuwa amekiweka kilio kile miaka mitano.

Luong alilala mchana ule wote na kesho yake nusu. Siku ya pili, tukimenya tangawizi ya uji wake, nikasema kwa sauti ya chini:

"Mama, Khoan anaogelea."

"Unaniambia mimi? Nilikuwa nikimtoa mtoni kwa fimbo."

"Sasa kwa nini?"

"Umeiona damu kwenye kitambaa?"

"Nimeiona."

"Nyumba ya kumi na mbili angefika kwa magoti. Ya kumi na tatu asingefika. Huyu naye ana mama, Mama Thoa. Anamngoja huko Quang Nam, nasi tunamzungushia mwanawe hapa kwenye matope." Aliendelea kumenya. "Na yule mwingine, aliyekufa, nani alikuwa anamlisha? Miaka miwili anazunguka."

"Lakini anao watu wake mahali. Anaye mama."

Kisu kilisimama. "Ndiyo," akasema. "Huyo nimemwibia. Usidhani sijafikiri." Akakirudisha kisu kwenye tangawizi. "Khoan kama yu hai, uongo wangu hautamuua. Kama amekufa, naomba kuwe na mwanamke mwongo kama mimi mahali alipo."

Luong alikaa siku nne. Mama mkwe alimpaka nyayo mafuta ya nazi, akamlisha uji na mayai, akamkaripia alipotaka kuosha bakuli. Siku ya tano wanaume wawili wa zile nyumba sita walimchukua kwa mtumbwi hadi kwenye treni. Hatukusikia habari zake tena. Napenda kuamini kwamba alifika.

Chama cha kuzikana kilikuja siku ya tatu baada ya kuondoka kwake. Walikuja sita, mchana kweupe, na vitambaa vyeupe, wamebeba miti yao mabegani, ingawa hapakuwa na cha kubeba. Mkuu wa kijiji, yule yule aliyekimbia akarudi, alisimama njiani akiwatazama, kisha akawapisha. Waliiweka miti uani sambamba, kama ambavyo wangeiweka chini ya jeneza, wakasimama pande mbili.

"Huyu Khoan," akasema mzee Ky, "miaka yote nabeba nyuma kwa sababu yake, eti ananipa upande mwepesi. Leo ndipo kanipa mwepesi kweli." Wengine wakacheka, kisha mmoja akaacha kucheka, na hapo wote wakaacha.

Nilivaa nguo za msiba za mume ambaye sikujua kama amekufa. Kila tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu tulipika. Mama mkwe aliposimama mbele ya meza ya wazee waliotangulia alitaja kwa sauti jina la Khoan, kwa ajili ya majirani, kisha aliinama karibu na bakuli akasema polepole, "Kula, mwana wa watu." Mimi nilisikia kwa kuwa nilisimama karibu.

Baada ya miaka miwili, Dinh, mmoja wa wale sita, aliyefiwa na mkewe, alianza kutuletea kuni. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono mikubwa. Hakusema lolote mpaka siku moja alipomwambia mama mkwe kwamba angependa Thoa apate baba.

"Mwanamume mzuri," mama mkwe akaniambia. "Wewe bado kijana. Nenda. Mtoto niachie, au mchukue, vyovyote."

"Nawezaje? Nawe unajua."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia mimi, maana hakuna mwingine anayejua anachokuambia."

Dinh hakuelewa kwa nini nilikataa, nami sikuweza kumweleza. Ningemwambia mume wangu huenda yu hai, angeuliza umejuaje. Aliendelea kuleta kuni hadi alipooa kwingine, na hata baada ya hapo, sikukuu ikifika, alileta mzigo mmoja akauegemeza ukutani bila kubisha hodi.

Mwaka wa 1945 ndio ulikuwa mwaka wa njaa kuu. Sitaandika mengi. Wajapani na Wafaransa walikuwa wamechukua mpunga, na watu walikufa njiani wakitembea. Chama cha kuzikana kilizika bila majeneza, baadaye hata bila mikeka. Mama mkwe alikuwa akisema ameshakula kwa mke wa mzee Ky. Mke wa mzee Ky naye nyumbani kwake alikuwa akisema amekula kwetu. Tuligundua baadaye, wote wawili walipokuwa wameshazikwa. Thoa alikuwa na miaka kumi na minne, na aliishi.

Mwezi wa nane wa kizungu mwaka ule ule, bendera nyekundu ilipandishwa kwenye nyumba ya kijiji, na ikasemwa kwamba nchi ni huru. Chama kilitoka mafichoni. Watu niliokuwa nawajua kama wauza mboga na wanyoaji walisimama kumbe ni makatibu. Nilifurahi. Sitaki mtu asome haya adhani sikufurahi. Lakini nilikuwa nikimtafuta mtu mmoja kwa macho katika kila kundi.

Vuli ile wafungwa wa mwisho wa Con Lon walirudi. Nilimchukua Thoa tukaenda kivukoni, tukakaa siku tatu chini ya kibanda cha mwuza chai. Mwanamke yule wa chai alitupa viti na hakutulipisha.

"Mnamngoja nani, dada?" akaniuliza siku ya pili.

"Mtu wa nyumbani."

"Jina lake? Mwanangu yuko kwenye kamati, anaweza kuuliza."

Khoan alikuwa ameshaandikwa kwamba amekufa. Kumuulizia kulimaanisha kusema mama mkwe alidanganya, na mama mkwe hakuwepo kujitetea. Nikasema nitamtambua nikimwona. Waliteremka wanaume kwenye mtumbwi, wamekonda, wengine wakibebwa. Niliwatazama nyuso zote. Siku ya tatu mwendesha mtumbwi alisema hakuna wengine, ila waliozikwa kule kisiwani mchangani.

Tulitembea kurudi. Nikiwa njiani, nilimweleza Thoa yote. Alinisikiliza akiwa anatazama miguu yake.

"Kwa hiyo tunamlisha mtu mwingine," akasema.

"Ndiyo."

"Na baba?"

Nikamshika mkono, tukaendelea kutembea.

Wiki ile kijiji kilikuwa kinaandika majina ya waliokufa kwa ajili ya uhuru, yasomwe mbele ya watu. Katibu alikuwa kijana kutoka wilayani, Ndugu Toan, mwenye wino vidoleni na adabu nyingi. Alinisomea mstari wa Khoan na tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tatu, akauliza, "Ni sahihi hivyo, mama?"

"Si sahihi."

Akainua kichwa. Mzee Ky, aliyekaa benchini, naye akainua.

"Aliyekufa siku hiyo ni mtu mwingine," nikasema. "Mwandike mstari wake. Jina la Chama, Ndugu Tisa. Kwao hakujulikani, lafudhi ya huku. Hakujua kuogelea. Siku ya mwisho alikula vizuri, na alimtaja mama yake. Andika yote, isomwe hapa na ipelekwe wilaya zote za mto huu. Kuna watu hawajui."

"Na mumeo alikufa lini?"

"Sijui."

"Mama, orodha inataka tarehe. Jina bila tarehe..."

"Chama kilimfundisha asiseme," nikamwambia. "Akanyamaza, na hawa wote wakaishi. Muulize huyo aliyekaa nyuma yako. Mimi nami nimenyamaza miaka tisa. Sasa usinidai mimi tarehe, mwanangu. Acha wazi."

Ndugu Toan alimgeukia mzee Ky. Nilingoja mzee aseme lolote kuhusu ile miti waliyoiweka uani. Alijisugua mguu wake mfupi.

"Acha wazi," akasema mzee Ky. "Na huyo Tisa mweke kwenye kijiji chetu mpaka wenyewe waje."

Mpaka leo hawajaja. Tunaendelea kumpikia.

Mwaka mpya ulipofika nilisaga mchele, nikatia fenesi changa kwenye chumvi kwa namna mama mkwe alivyonionyesha, ingawa halikufikia lake. Tarehe sita ya mwezi wa kwanza, asubuhi, saa aliyotoka Khoan, niliweka bakuli mezani. Nikawasha udi, nikampa Thoa vijiti vitatu, kwa kuwa ni mwana anayepaswa kumwita mzazi wake.

Akasimama na vijiti, akiutazama moshi.

"Mwite," nikamwambia.

"Kwa sauti au polepole?"

Nikakumbuka kwamba miaka yake ya kwanza jina la baba yake lilisemwa katika nyumba hii kwa kunong'ona, na baadaye kwa sauti kwa ajili ya majirani tu.

"Kwa sauti. Sasa hakuna wa kutuzuia."

"Nimwiteje?" Akanigeukia. "Sijawahi kumwita mtu baba, mama. Sijui linavyosemwa."

Nikasimama nyuma yake, nikamshika mabega, nikalitamka neno hilo kwanza mimi, ili alisikie.